Umehamia Kampala? Anza kwa mwenyekiti wa LC1

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa mwezi Agosti, dawati letu la polisi jamii hupokea watu wanaofanana. Ni kijana kutoka Mwanza, Bukavu au Mombasa, ameibiwa simu au ametapeliwa ada, na hana hata mwezi mjini. Tukimuuliza anaishi wapi, anajibu, "Kansanga." Kansanga ipi, zoni gani, mwenyekiti ni nani? Hajui. Mwenye nyumba je? "Nilimlipa dalali." Msimu huu malalamiko ya aina hii yamezidi, ndiyo maana nimeona niandike, na niandike kwa Kiswahili.

Wageni wengi wakituuliza kuhusu usalama wanataka tuwatajie mitaa ya kukwepa. Orodha hiyo sitoi, kwa sababu inawapa watu imani isiyo na msingi. Kwenye makutano ya Clock Tower simu hunyakuliwa mchana kweupe, gari liko kwenye foleni na kioo kimeshushwa. Anayeibiwa huenda anaishi mtaa wa kitajiri kabisa. Kinachomkinga mgeni kuliko vyote ni kufahamika pale anapolala.

Kwa hiyo, ndani ya siku chache baada ya kuhamia, nenda kwa mwenyekiti wa LC1 wa zoni yako, yaani baraza la mtaa, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa. Chukua pasipoti, au kitambulisho cha taifa kama wewe ni Mkenya au Mnyarwanda na ulivuka mpaka kwa hicho, utaratibu uliopo tangu 2014. Chukua picha ndogo mbili na nakala ya mkataba wa nyumba. Mwombe mwenye nyumba au msimamizi wake akusindikize, maana mwenyekiti atataka mtu wa kukutambulisha. Jina lako liandikwe kwenye daftari la wakazi. Ukiomba barua ya utambulisho, hakikisha ina tarehe, sahihi na muhuri, na ukilipa chochote dai risiti. Kisha muulize ni nani kwenye kamati anayeshughulikia usalama. Kamati ina watu 10, na mmoja kati yao ana kazi hiyo. Hifadhi namba yake ya simu pamoja na 999 na 112, ambazo kuzipiga ni bure.

Wapo wanaoniambia kwamba LC1 ni mambo ya wenyeji. Ndugu zangu, hapana. Fikiria umerudi saa nne usiku, umekosea njia, umegonga geti lisilo lako, na mtu ndani akapaza sauti: "Mubbi!" Neno hilo ni mwizi kwa Luganda, na majirani hutoka na chochote kilicho mkononi. Mwenyekiti anayekufahamu atasema huyu ni mpangaji wa fulani. Ambaye hajawahi kukuona atasema nini?

Hapo kuna jambo wageni wa Kiswahili hawaelezwi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mabadiliko ya Katiba ya 2005, na polisi na jeshi wamekizungumza miaka yote. Lakini wazee wengi wa Kampala walioishi miaka ya 1970 walikisikia kwa askari wakali na kwa majambazi wenye bunduki. Mtu wa umri huo akisikia Kiswahili cha mgeni gizani, anaweza kushtuka kabla hajafikiri. Haikulengi wewe. Anza na "ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke, salimia vizuri, halafu endelea na Kiswahili chako. Nimeona salamu hiyo ikituliza watu.

Na wewe mwenyewe ukiibiwa, usiitishe umati. Piga kelele za kuomba msaada, mkamateni, mleteni kituoni. Umati ukimuua mtu, polisi hufungua jalada la mauaji, na adhabu ya juu ya mauaji ni kifo. Anayeshtakiwa si aliyepiga pigo la mwisho peke yake. Aliyemshika, aliyeleta tairi na aliyewahimiza wenzake wote wanaweza kusimama kizimbani. Mgeni mmoja alinijibu, "Afande, nimeona ndivyo mnavyofanya huku." Sivyo tunavyofanya. Ni kosa la jinai kwa Mganda na kwa mgeni.

Wizi wa kawaida kifungo chake hufika miaka 10. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni ya wizi hufika miaka 14, na hapa ndipo wanafunzi wanaponaswa. Mtu anauziwa simu ya bei ya kutupa kando ya barabara, bila risiti wala boksi. Baada ya wiki mbili wapelelezi wanaifuatilia na kuikuta kwake. Kusema "sikujua" kunawezekana, lakini utakusema ukiwa chini ya ulinzi. Nunua dukani, risiti iandikwe namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, nawe uihakiki kwa kubonyeza *#06#. Laini ya simu nayo isajiliwe kwa jina lako. Ya kuazimwa ikihusika na utapeli, wa kwanza kutafutwa ni anayeitumia.

Usafiri wa usiku unanitia wasiwasi kuliko yote niliyotaja. Teksi yetu ni ile ya abiria 14 yenye mstari wa miraba midogo ya bluu na nyeupe. Gari dogo binafsi linalosimama stejini saa tano usiku, ndani wamekaa "abiria" wawili na limebaki nafasi ya katikati, usipande hata kama nauli ni nafuu. Wale abiria huwa ni kundi moja na dereva. Wengine wameporwa na kutupwa kando ya barabara, wengine hawakupona. Agiza gari au boda kwa programu ya simu, tuma namba ya usajili kwa mtu anayekusubiri. Kwenye basi la masafa marefu na kwenye baa, usipokee biskuti wala kinywaji kilichofunguliwa.

Kuhusu nyumba: usimlipe dalali kodi. Mlipe mwenye nyumba, baada ya mwenyekiti kuthibitisha kwamba ndiye. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka mkataba wa thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi, na hakuna wa kukutoa nje bila amri ya mahakama. Kujipatia pesa kwa udanganyifu kifungo chake hufika miaka 5. Namba ya siri ya pesa za simu ni yako peke yako, hilo sina haja ya kulirefusha.

Sasa kuripoti. Ukifika kituoni, taarifa yako huandikwa kwenye kitabu cha matukio na unapewa namba ya SD. Wengi huondoka na namba hiyo wakiamini kesi imefunguliwa. Bado. Jalada la uchunguzi likifunguliwa hupewa namba ya CRB na mpelelezi wake, hivyo rudi, uliza namba hiyo na jina la mpelelezi, andika maelezo yako na uyasome kabla ya kutia sahihi. Kuripoti ni bure. Dhamana ya polisi nayo ni bure. Anayekudai pesa kwa lolote kati ya hayo, chukua jina lake na umripoti kwa Kitengo cha Viwango vya Kitaaluma cha polisi. Ukikamatwa wewe, Kifungu cha 23 cha Katiba kinataka uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, ndugu zako wajulishwe ukiomba, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama hujaachiwa.

Aliyejeruhiwa atibiwe kwanza, kisha achukue PF3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, ambayo Watanzania wanaijua kwa jina hilohilo na Wakenya wanaiita P3. Aliyebakwa hupewa PF3A. Asioge wala kufua, nguo aziweke kwenye mfuko wa karatasi, na aende hospitali siku hiyohiyo hata kama hajaamua kuja kwetu. Hakuna askari mwenye ruhusa ya kumwuliza alikuwa amevaa nini.

Pasipoti ikipotea, anza na barua ya polisi, ndipo uende ubalozini, na mwisho uhamiaji kuhusu muhuri wako wa kuingia nchini. Ukitangulia ubalozini watakurudisha kwetu kuifuata barua, na kwa foleni za Kampala siku itakuwa imekwisha.