Je, wajua kwa nini madaktari na wauguzi hufundishwa kunyamaza?

Mgonjwa akimuuliza daktari, "Nakufa?", mara nyingi macho ya daktari hukimbilia kwenye faili. Si kwamba hana huruma. Miaka yote ya masomo alizoeshwa kuona tatizo na kulitafutia dawa, na hili halina dawa.

Ndiyo maana kumhudumia mtu aliye ukingoni mwa maisha, au kukaa na mfiwa, kuna mafunzo yake. Mwingereza Cicely Saunders alianza akiwa muuguzi, akawa afisa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari na kufuzu mwaka 1957, akikaribia miaka 40. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice jijini London, kituo cha kuwahudumia wanaokaribia kufa, ambapo tiba, mafunzo na utafiti vilikaa chini ya paa moja. Alisisitiza kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili peke yake. Kuna hofu, kuna watoto ambao hajui nani atawalea, kuna ugomvi na ndugu ambao haujasuluhishwa, kuna swali la "kwa nini mimi?" Mofini, dawa ya maumivu makali, ikitolewa kwa saa zake hutuliza mwili. Hayo mengine yanataka msikilizaji.

Na kusikiliza kunafundishwaje? Kwa maigizo, hasa. Tangu 1963, daktari Howard Barrows alipoanza kumtumia mtu mzima wa afya kuigiza mgonjwa mbele ya wanafunzi wake Marekani, mbinu hiyo imeenea katika vyuo vingi vya tiba. Mwanafunzi anampa "mgonjwa" habari mbaya, wenzake wakitazama. Kanuni ya kwanza: uliza kabla ya kueleza. Mgonjwa anajua nini tayari? Anataka kujua kiasi gani? Kisha habari yenyewe inasemwa kwa maneno machache, halafu kimya. Hapo ndipo wengi hushindwa. Sekunde kumi tu za kimya humtoa mtu jasho, akaanza kumwaga maelezo ya vipimo ambayo mgonjwa hayasikii tena.

Maneno nayo yanapimwa. "Hatunaye tena" ni ya upole, lakini mtu aliyepigwa na mshtuko anaweza kudhani mgonjwa wake amehamishiwa wodi nyingine. Mtoto aliyeambiwa bibi "amelala" anaweza kuanza kuogopa kitanda. Kwa hiyo hufundishwa kutamka wazi: amefariki, amekufa. "Jikaze" na "kazi ya Mungu haina makosa" husemwa kwa nia njema, ila zikija mapema humfunga mfiwa mdomo. (Sisi sote tumewahi kuzisema.)

Kuna pia mambo ya kufuta kichwani. Zile hatua tano za majonzi, kuanzia kukataa hadi kukubali, daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross aliziandika mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakifa, si wafiwa. Mkufunzi mzuri leo huonya zisigeuzwe ngazi ya kumpandisha mtu. Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza jambo ambalo mfiwa yeyote atalitambua: leo unalia, kesho unashughulikia karatasi za mirathi na hata kucheka, keshokutwa unalia tena. Huko kwenda na kurudi si ugonjwa.

Sehemu ambayo wanafunzi hawaitarajii ni ile ya misiba yao wenyewe. Muuguzi ambaye hajamlilia mama yake anaweza kumkwepa kila mgonjwa anayefanana naye, bila kujua anafanya hivyo. Kwa sababu hiyo washauri nasaha wa wafiwa huwa na mshauri wao pia, wa kukutana naye mara kwa mara.

Na lile swali la "Nakufa?" Hawafundishwi kukimbilia ndiyo wala hapana. Hufundishwa kuvuta kiti, kuketi, na kuuliza, "Nini kimekufanya uulize hivyo leo?"