Kwa nini mtu anaachiwa na mahakama, kisha anakamatwa tena mlangoni?

Wanaofuatilia kesi Dodoma wameshaliona hili: wakili wa Serikali anasema Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, hana nia ya kuendelea na kesi. Hakimu anamwachia mshtakiwa, ndugu wanamkumbatia, na kabla hajafika barabarani askari wamemkamata kwa shtaka lilelile. Kwani sheria haikatazi mtu kushtakiwa mara mbili?

Inakataza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inasema aliyekwisha kushtakiwa mbele ya mahakama yenye mamlaka, akatiwa hatiani au akaachiwa huru, yaani akafutiwa kosa kabisa na si kuachiwa tu kwa kuwa kesi haiendelei, hashtakiwi tena kwa kosa hilohilo maadamu uamuzi huo haujatenguliwa. Kinachomlinda ni uamuzi. DPP akisema tu kwamba haendelei na kesi, hakuna kilichoamuliwa.

Tuseme kijana wa Kongwa anadaiwa kuiba ng'ombe waliokutwa mnadani Msalato. Mwendesha mashtaka akiliondoa shtaka katika mahakama ya wilaya kabla kijana hajaitwa kujitetea, anaweza kushtakiwa upya. Akiliondoa baada ya hapo, kijana anaachiwa huru moja kwa moja, sawa na yule ambaye hakimu amemwona hana kesi ya kujibu. Lakini DPP ana mamlaka yake mengine: anaweza kutamka kwamba haendelei na kesi wakati wowote kabla ya hukumu, hata utetezi ukiwa umeshatolewa, na tamko hilo lenyewe halizuii mashtaka mapya. Kwangu mimi, hilo ni tundu kubwa mno.

Hata anayeachiwa huru asishangilie mapema, kwa sababu DPP anaweza kukata rufaa. Na aliyefungwa kwa kumjeruhi mwenzake anaweza kushtakiwa kwa mauaji iwapo majeruhi atakufa baadaye kwa majeraha hayo.

Je, mahakama ya rufaa ikiamuru kesi isikilizwe upya? Tangu uamuzi wa kesi ya Fatehali Manji wa 1966, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishasema amri hiyo isitumike kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake.

Mwenye kinga hiyo ya kutoshtakiwa mara mbili aidai mapema, pale shtaka linaposomwa, ili mahakama ilisikilize hilo kwanza. Aje na nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama ya awali.