Muziki unakatakata kwenye kompyuta? Usikimbilie kununua waya

Spika zikianza kutoa "tap, tap" katikati ya wimbo, wengi husema waya wa USB ni feki au kompyuta haina nguvu. Mara nyingi sivyo. Sauti ya ubora wa CD ni sampuli (vipimo vidogovidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kama megabiti 1.4 tu kwa sekunde, ilhali USB 2.0 iliundwa kubeba hadi 480.

Kinachokosekana ni wakati. Bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa, ikiwa ya sampuli 256 huisha kwa milisekunde 6 hivi. Draiva ya Wi-Fi, yaani programu inayoiendesha, ikiishikilia prosesa zaidi ya hapo, hata prosesa ya bei ghali, kadi ya sauti hubaki mikono mitupu: tap!

Ongeza bafa hadi sampuli 1,024, kisha zima Wi-Fi usikilize tena. Sauti itachelewa kidogo, lakini hilo humsumbua anayerekodi, si msikilizaji.