Stenti ya mshipa wa shingo: "salama" maana yake nini?

Weka vidole viwili chini ya taya, kando ya koromeo, utasikia mapigo. Huo ni mshipa wa karotidi, ateri inayopeleka damu ubongoni. Kuna mmoja kila upande. Karibu na taya unagawanyika, tawi moja likaenda usoni na jingine ubongoni, na pale kwenye njia panda ndipo utando wa mafuta na chokaa hupenda kujijenga. Ubaya wake si kuziba njia tu. Mara nyingi kinacholeta kiharusi ni kipande cha utando, au bonge la damu lililoganda juu yake, kinachobanduka na kwenda kukwama kwenye mshipa mwembamba ndani ya ubongo.

Stenti ni kijibomba cha wavu wa nitinoli, aloi ya nikeli na titani ambayo ikiachiwa hutanuka yenyewe. Inawekwa ili kupanua njia na kuubana utando ukutani usibanduke. Njia mbadala ya zamani zaidi ni upasuaji: shingo inapasuliwa, mshipa unafunguliwa, utando unakwanguliwa na kutolewa. Kwa hiyo stenti inapoitwa salama, swali la kwanza ni salama kuliko nini, na dhidi ya madhara gani.

Mgonjwa wa stenti kwa kawaida huwa macho, amechomwa ganzi kinenani tu. Daktari anaingia kwa sindano kwenye ateri ya paja, anapandisha katheta, mrija mwembamba, kupitia aota, ateri kuu itokayo moyoni, mpaka shingoni, na dawa ya heparini inatiwa ili damu isigande kwenye vifaa. Kisha anapitisha kichujio kidogo kama mwavuli na kukifungua juu ya sehemu iliyobana. Puto la milimita 3 au 4 linatanua njia kidogo, stenti inaachiwa, halafu puto jingine la kama milimita 5 linaikandamiza ikae. Kichujio kinakunjwa na kutolewa, na mara nyingine kinatoka na chembe za utando ndani yake.

Ukiangalia vizuri mpangilio huo utaona udhaifu wake. Kichujio kinalinda kikishafunguka, lakini ili kifike juu lazima kwanza kipite palepale penye utando, bila ulinzi wowote. Kabla ya hapo katheta imekwisha kukwaruza upinde wa aota, ambao kwa wazee nao una utando wake. Matundu ya kichujio ni ya takriban mikroni 100, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita, hivyo chembe ndogo zaidi hupenya. Ndiyo maana katika utafiti wa ICSS, uliolinganisha stenti na upasuaji, wagonjwa waliopigwa picha za MRI baada ya tiba walikutwa na madoa mapya ubongoni kwa takriban nusu ya waliowekewa stenti, dhidi ya mmoja kati ya sita hivi wa upasuaji. Wengi wao hawakuonyesha dalili yoyote, lakini picha inaonyesha vumbi linakokwenda.

Utafiti mwingine wa kulinganisha njia hizo mbili, CREST wa Marekani na Kanada, uliotolewa mwaka 2010 kwa wagonjwa 2,502, unaonyesha mizani ilivyo. Kiharusi katika kipindi cha tiba kiliwapata asilimia 4.1 ya waliowekewa stenti na 2.3 ya waliopasuliwa. Shambulio la moyo likageuka: 1.1 kwa stenti, 2.3 kwa upasuaji. Upasuaji pia uliumiza neva za uso na shingo kwa karibu asilimia 5. Stenti karibu hakuna. Ukijumlisha vifo, viharusi na mashambulio ya moyo ya kipindi cha tiba, pamoja na viharusi vya baadaye vya upande uleule hadi miaka minne, tofauti inayeyuka: asilimia 7.2 kwa stenti dhidi ya 6.8 kwa upasuaji. Jumla hiyo ina mtego, kwa sababu inahesabu kiharusi na shambulio dogo la moyo kama vitu sawa, na mtu aliyepooza mkono hatakubaliana nayo.

Umri ndio unaobadilisha uamuzi kuliko kitu kingine. Chini ya miaka 70 hivi, njia zote mbili zinakaribiana. Kadiri umri unavyozidi hapo, stenti inazidi kuwa na viharusi. Sababu ni ya kifundi: aota ya mzee imejipinda na mishipa ina chokaa ngumu, katheta inahangaika. Kinyume chake, aliyewahi kupasuliwa au kupigwa mionzi shingoni mara nyingi stenti inamfaa zaidi, kwa kuwa kisu kwenye makovu kina hatari zake.

Kwa hospitali, vipimo vinavyotumika sana ni hivi: viharusi na vifo ndani ya siku 30 visizidi asilimia 6 kwa wenye dalili, yaani ambao mshipa huo umekwisha kuwaletea kiharusi au dalili zake za kupita, na 3 kwa wasio na dalili. Mgonjwa ana haki ya kuuliza takwimu za timu itakayomshughulikia, maana matokeo ya wasio na uzoefu ni mabaya zaidi.

Puto likitanuka, linabonyeza vihisio vya presha vilivyo kwenye njia panda ile. Mapigo ya moyo yanashuka ghafla, mara nyingine yanasimama kwa sekunde kadhaa, ndiyo maana atropini, dawa ya kuharakisha mapigo, huwa imeandaliwa. Presha inaweza kubaki chini kwa siku moja au mbili.

Aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, hutumiwa pamoja, zikianza kabla ya kuwekewa stenti na kuendelea kwa wiki nne au zaidi. Kisha aspirini peke yake hubaki kwa muda mrefu. Kuacha klopidogreli mapema kwa sababu dawa zimeisha ni kukaribisha damu igande ndani ya stenti. Na katika wiki za mwanzo, kichwa kikiuma sana upande uleule wa stenti huku presha iko juu, usimeze dawa ya maumivu ukalala. Ubongo uliozoea damu kidogo huenda umefurika, na hatua inayofuata ni degedege au kuvuja damu. Nenda hospitali saa hiyohiyo, presha ishushwe.