Kukaa pamoja miaka mingi si kusomana mawazo

Wengi huku Unguja na Pemba huamini kwamba mke na mume waliozoeana hawana haja ya kuambizana: kila mmoja anamjua mwenzake mpaka moyoni, na anayesubiri kuambiwa hapendi vya kutosha.

Si imani ya hivi hivi tu. Ukikaa na mtu unajua mazoea yake: chai yake haikosi tangawizi, na akirudi sokoni Darajani kachoka hataki maneno. Ila mazoea ni jambo moja, analowaza saa hii ni jingine. Tafiti za saikolojia zimeonyesha kwamba miaka inavyosonga, huongezeka zaidi uhakika wetu kuwa tunamjua mwenzetu kuliko usahihi wa makisio yetu. Mgeni tunamuuliza, wa ndani hatumuulizi tena, na penye pengo tunajaza hisia zetu wenyewe. Mume anamkuta mkewe kimya, kajifunga kanga yenye jina la kijembe, anaona kasemwa yeye. Kumbe mama wa watu kachukua kanga ya kwanza kwenye kamba, na jino linamuuma. (Kweli, kanga nyingine husema. Lakini si kila siku.)

Kupima ni rahisi. Andikeni maswali kumi, mfano: mawifi wakija kukaa mwezi mzima, utajisikiaje? Kila mtu aandike jibu lake, akisie la mwenzake, na ataje mapema atapatia mangapi. Kisha linganisheni. Maswali ya chakula yaacheni; hayo karibu kila mtu hupatia.