Mratibu wa jamii katika mazingira ni nani, na mhitimu wa chuo anafundwaje kuwa mmoja wao

Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya jina la kazi hii. Ukisema "mpangaji", msikilizaji atamfikiria mtu anayelipa kodi ya chumba. "Mwanaharakati" linaleta picha ya bango na kipaza sauti. "Mhamasishaji" ni yule anayefika na fulana, anaongea, anaondoka. Mimi natumia "mratibu wa jamii", ingawa najua maofisini mratibu ni mwenye meza na mradi. Ninayemsema hapa kazi yake ni kuwaunganisha watu wanaoumizwa na tatizo moja la mazingira, mpaka wawe kundi lenye viongozi wake, dai lake na nguvu ya kumfanya mwenye mamlaka asikilize. Yeye mwenyewe si kiongozi wa kundi hilo wala msemaji wake.

Tofauti inaonekana mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Mhamasishaji akija Jumamosi, watu watafagia ufukwe na picha zitapigwa. Jumatatu chupa zimerudi, kwa sababu Mto Mirongo bado unapita katikati ya jiji la Mwanza na kumwaga Ziwa Victoria kila kilichotupwa ndani yake. Mratibu huanzia hapo: taka hizi zinatoka mitaa gani, nani alipaswa kuzizoa, na wakazi wangapi wako tayari kwenda kumuuliza.

Kazi hii haikuanza jana. Wangari Maathai alikuwa na shahada ya uzamivu na anafundisha chuo kikuu Nairobi alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, lakini mwanzo wake haukuwa mti. Aliwasikia kina mama wa vijijini wakilalamika kwamba kuni ziko mbali, maji si safi na chakula hakitoshi, ndipo upandaji miti ukawa jibu la malalamiko yao. Marekani, tangu mwaka 1992, kuna Green Corps, inayochukua watu waliomaliza chuo karibuni na kuwafundisha kwa mwaka mmoja, sehemu kubwa ya mafunzo ikiwa ni kazi yenyewe kwenye kampeni halisi. Na Usukumani tuna la kwetu. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulipata nguvu pale ulipojengwa juu ya ngitili, utaratibu wa wenyeji wa kutenga malisho, badala ya kutegemea miche ya kitalu peke yake.

Kwa nini basi mhitimu afundwe tena, wakati shahada anayo? Nitasimulia nilichokiona.

Nilimsindikiza kijana mmoja aliyesomea mazingira hadi mwalo mdogo upande wa Ilemela, hapo hapo Mwanza. Ilikuwa saa moja asubuhi, kina mama wanaanika dagaa juu ya mchanga, wengine juu ya nyavu chakavu. Kijana aliamkia vizuri, akajitambulisha, kisha akaanza na alichokijua zaidi: kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Alisema kwa nia njema kabisa. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa kwa ufagio wa njiti akauliza bila kuinua uso, "Kwa hiyo baba, umekuja kutuhamisha?" Kutoka alipoinama hadi majini hazikufika hatua thelathini. Asubuhi ile hakuna aliyetuambia neno jingine.

Wiki iliyofuata alirudi bila karatasi. Alikaa, akasaidia kukunja nyavu, akauliza kinachowasumbua ni nini. Jibu lilikuwa mvua. Maji yakishuka mlimani yanapita juu ya sehemu ya kuanikia, dagaa zinaharibika, na maji yale si maji tu. "Tukisikia radi tunajua huko juu wanafungulia vyoo," alisema mama yule yule. Anayeijua Mwanza analielewa hilo. Nyumba zimepanda juu ya mawe, kuchimba shimo refu ni shida, gari la majitaka halifiki, na wapo wanaosubiri mvua iwasaidie kutapisha vyoo. Kijana alikuja na somo la umbali kutoka ziwani, akaondoka na uchafuzi mkubwa zaidi wa ziwa lile lile, wenye watu waliokuwa tayari wamechoka nao.

Kusikiliza namna hiyo ndiko kunakochukua muda mwingi wa mafunzo, na nadhani ni haki yake. Mhitimu anafundishwa kuzungumza na mtu mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, akiuliza zaidi ya anavyoeleza. Anajifunza kumtambua kiongozi ambaye hana cheo. Mara nyingi si yule anayeongea sana kikaoni. Ni yule ambaye wenzake wanamwachia ufunguo wa sanduku la kikoba.

Kisha anajifunza nani anaamua nini. Mtaro unaweza kuwa wa halmashauri au wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mabomba ya majitaka ni ya mamlaka ya maji. Anayefungulia choo anamhusu bwana afya na mwenyekiti wa mtaa. Nyavu haramu zinaanzia kwa BMU, kikundi cha wavuvi na wenyeji kinachosimamia mwalo. Barua ikienda meza isiyo yake italala hapo mpaka masika yapite. Na dai lazima liwe na sura. "Tunataka mazingira safi" hakuna ofisa atakayelikataa, wala atakayelitekeleza. "Mtaro huu ugeuzwe usipite tunapoanika, kabla ya mvua za Machi" linajibiwa kwa ndiyo au hapana, na kila mama anajua lini amedanganywa.

Kuna suala la posho, na nalisema wazi kwa sababu linawavunja vijana wengi. Miradi imewazoesha watu kulipwa kwa kuhudhuria. Mratibu akilipa, atapata mahudhurio, na siku fedha zikikata kundi limekufa. Kikao kifanyike muda wanaokutana tayari, kama siku ya kikoba, kisimtoe mtu kwenye riziki yake.

Kulipwa kwa mratibu mwenyewe ni jambo jingine, na hapa tunakosea. Tunamwita mhitimu "mjitoleaji", tunampa cheti na fulana, kisha tunashangaa mwezi wa tatu haonekani. Hana nauli ya daladala kutoka Buhongwa hadi Kirumba, kodi ya chumba inamdai, na nyumbani wanamuuliza kazi iko wapi. Kazi hii inataka mtu anayerudi pale pale wiki baada ya wiki, mpaka kina mama wasimame wenyewe mbele ya mtendaji wa kata, naye amekaa nyuma akiandika majina ya waliofika. Kufika siku hiyo huchukua miezi mingi. Mwenye kutaka waratibu pwani ya ziwa aanze kwa kuweka mshahara wa mwaka mzima kwenye bajeti.