Eksirei iko safi lakini mguu unauma balaa: maswali na majibu

Swali: Nimeangukiwa na kitu kizito mguuni, mfupa haujavunjika, mbona maumivu yanazidi tu?

Jibu: Eksirei inaonyesha mfupa, haikuambii misuli ina hali gani. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka, sasa ikivimba au damu ikivujia mle ndani presha inapanda, mishipa midogo inabanwa, misuli inakosa damu inaanza kufa. Hali hii inaitwa compartment syndrome, na inatokea zaidi kwa waliovunjika muundi ila hata bila kuvunjika inatokea.

Swali: Nitaitofautishaje na maumivu ya kawaida?

Jibu: Maumivu yanakuwa makubwa kuliko jeraha lenyewe, dawa haifui dafu, na mtu akikunyooshea vidole vya mguu taratibu tu unapiga yowe. Misuli imekakamaa, ganzi inaanza. Usingoje mguu uwe wa baridi au mapigo ya mguuni yapotee maana hizo ni dalili za mwisho, na misuli ikikosa damu masaa 6 hivi hairudi tena.

Swali: Lakini daktari kashika mapigo ya mguuni kayakuta, si ina maana mshipa wa damu haujaumia?

Jibu: Hapana jamani, hapa ndo watu wengi wanaponzwa. Mfano goti nalo likichomoka kwenye ajali hiyo, mshipa mkubwa wa damu unaopita nyuma yake unavutika, unaweza kuchanika utando wake wa ndani tu, damu ikaendelea kupita af baadae ikaganda ghafla. Na goti lenyewe linaweza kurudi mahali pake kabla hujafika hospitali, kwahiyo kama lilichomoka sema. Wanapima presha ya kifundo cha mguu wanagawanya kwa ya mkono, ikija chini ya 0.9 unahitaji siti skani ya mishipa. Ikija nzuri bado warudie kukuangalia.

Swali: Na presha ya misuli inapimwaje?

Jibu: Kwa sindano maalum. Wanachukua namba ya chini ya presha ya damu wanatoa ya misuli, ikibaki 30 au pungufu ni tieta (chumba cha upasuaji), wakachane ule utando. Mfano 120/70, misuli 45, inabaki 25, hiyo haina mjadala. Dalili zikiwa wazi hata kipimo hakingojwi.

Swali: Wakati nasubiri je?

Jibu: Piopi au bandeji ifunguliwe yote mpaka ngozi ionekane, mguu uwe usawa wa moyo, usiunyanyue juu, usikande. Mkojo ukiwa wa kahawia waambie haraka, figo ziko hatarini.